Psilotum: ni masalia ya mimea ya kwanza ya nchi kavu, au ni kangaga lililopoteza mizizi na majani?

#1 MwalimuMkonge

Salamu wanajukwaa.

Wiki iliyopita niliwatoa wanafunzi wangu wa kidato cha sita nje ya darasa, tukaenda kuutazama ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe hapa Tanga. Katika ufa mmoja wenye kivuli tulikuta kichaka cha vijiti vya kijani, kirefu kama shubiri moja na nusu, mfano wa ufagio mdogo uliopinduliwa. Kila kijiti hugawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena mara mbili hadi nchani. Hakina majani, ila vijigamba vidogo mno vilivyotawanyika pembeni. Kwenye matawi ya juu kulikuwa na vitufe vya rangi ya manjano. Tulipoufukua udongo kwa kijiti cha kiberiti hatukuona mzizi hata mmoja. Kilichokuwepo ni shina la chini la rangi ya kahawia lenye vinyweleo.

Nilikitambua kuwa ni *Psilotum nudum*. Taabu ilianza mwanafunzi mmoja alipouliza mmea huu ni wa kundi gani. Kitabu nilichosomea mimi kiliuweka katika faila yake yenyewe, Psilophyta, kabla ya makangaga, kikisema ni masalia ya mimea ya kwanza kabisa kuishi nchi kavu. Kitabu wanachotumia wao kinauweka ndani ya makangaga, bila neno moja la maelezo. Siwezi kumwambia mtoto kwamba ni hivyo kwa sababu kitabu kimesema. Ninaomba ushahidi uliowafanya wataalamu wauhamishe.

#2 Kitalu_Morogoro

Mwalimu, jibu la sasa ni hili. Katika mfumo uliotolewa mwaka 2016 na kundi la wataalamu wa makangaga kutoka nchi nyingi, makangaga yote yamo katika ngeli ya Polypodiopsida, nayo imegawanywa katika nusungeli nne. Moja kati ya hizo ni Ophioglossidae, yenye oda mbili tu: Psilotales na Ophioglossales. Psilotales ina familia moja, jenasi mbili na spishi zipatazo 17. Jenasi hizo ni *Psilotum*, yenye spishi mbili, na *Tmesipteris*, ambayo spishi zake zote ziko Australia, New Zealand, New Caledonia na visiwa vingine vya Pasifiki. Kwa hiyo huo wa ukutani kwako ni kangaga kamili, na ndugu yake wa karibu ni *Ophioglossum*, kile kimea kidogo cha jani moja kinachochomoza majanini mvua zikianza.

#3 MzeeWaMisitu

Nakushukuru kijana, lakini umetoa anwani tu, hujatoa sababu. Mwalimu anataka sababu.

Nami niseme kwa niaba ya kitabu cha zamani, kwa maana hakikuandikwa na wajinga. Mwaka 1917 Robert Kidston na William Lang walianza kueleza mimea iliyogeuka jiwe katika kijiji cha Rhynie, Scotland, yenye umri wa takriban miaka milioni 407. Mmoja kati ya mimea hiyo, *Rhynia*, ulikuwa na vijiti visivyo na majani, vilivyogawanyika mara mbili mbili, na shina la chini lenye vinyweleo badala ya mizizi. Mtu yeyote aliyekuwa ameiona *Psilotum* angesema: huyu hapa, bado yu hai! Ndani ya shina nako kuna nguzo moja ya mishipa isiyo na kiini laini katikati, umbo ambalo wataalamu wengi wanalihesabu kuwa la kale zaidi. Viungo vinavyofanana ni vingi mno, na mimi hadi leo naona ni vigumu kuamini kwamba mfanano wote huo ni bahati tu.

#4 DadaHadubini

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikubaliane nawe nusu na nikupinge nusu.

Ni kweli kwamba mfanano ule ulikuwa na nguvu, ila ukitazama kwa karibu unaanza kuachia. Katika *Rhynia* vifuko vya spora, zile chembe ndogo za kuzalia, vilikaa kimoja kimoja kwenye ncha ya kijiti. Katika *Psilotum* vifuko vitatu vimeungana kuwa kitufe kimoja, na kitufe hicho kimekaa ubavuni mwa tawi, juu ya kijigamba chenye ncha mbili. Isitoshe, gametofiti zilizogunduliwa katika mwamba uleule wa Rhynie, yaani kile kizazi kidogo kinachotoa mbegu za kiume na za kike, zilisimama wima juu ya ardhi. Gametofiti ya *Psilotum*, ambayo kwa sadfa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1917, ni kijiti cha kahawia kinachoishi gizani udongoni, hakina rangi ya kijani, na hulishwa na kuvu waliomo ndani yake.

Halafu kuna pengo la visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe. Kutoka Rhynie hadi mmea ulio hai leo ni zaidi ya miaka milioni 400, na hakuna mlolongo wa visukuku unaoonyesha jamii hii ikipita katikati ya muda huo. Anayesema ni masalia ya *Rhynia* anaruka pengo hilo lote kwa kutegemea sura peke yake.

#5 Kitalu_Morogoro

Mzee, nimekubali lawama, niongeze sababu.

Kwanza tukumbuke kwamba hata kabla ya habari za Rhynie mmea huu ulikwisha kuhamishwa. Linnaeus, mwanabotania wa Sweden, aliuita *Lycopodium nudum* mwaka 1753, akiuweka pamoja na likopodi, mimea midogo yenye vijani kama magamba, kwa sababu ya vile vijigamba. Olof Swartz ndiye aliyeupa jenasi yake ya *Psilotum* mwanzoni mwa karne ya 19, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kitupu, kisichovikwa.

Dai la undugu na likopodi lilivunjwa na mambo mawili. La kwanza ni mbegu za kiume. Likopodi zenyewe zina mbegu za kiume zenye vijimkia viwili, ilhali za *Psilotum* zina vijimkia vingi, kama za makangaga. La pili ni DNA ya kloroplasti, zile sehemu za kijani ndani ya seli. Mwaka 1992 Linda Raubeson na Robert Jansen walionyesha kwamba kipande kirefu cha DNA hiyo kimegeuzwa mwelekeo katika mimea yote yenye mishipa isipokuwa likopodi na jamaa zao. *Psilotum* ina mgeuko huo. Tangu hapo haikuwezekana tena kuiweka pembeni mwa mimea yote yenye mishipa, kama babu wa wote. Mwaka 2001 Kathleen Pryer na wenzake wakatoa mti wa ukoo uliojengwa kwa jeni kadhaa pamoja na maumbile, na humo *Psilotum* ikaangukia ubavuni mwa *Ophioglossum*.

#6 BintiShamba_Pemba

Hamjambo nyote. Mimi si msomi wa botania, ninauza miche ya maua, lakini mmea huu naufahamu kwa sababu umenisumbua. Huota wenyewe kwenye vyungu vyangu vya okidi, hasa vile vyenye maganda ya nazi yaliyokaa muda mrefu. Sikuupanda hata siku moja. Mwaka juzi nilipenda sura yake, nikaung'oa kwa uangalifu, nikaliosha shina la chini mpaka likatakata, nikaupanda katika mchanga safi niliouchoma kwanza ili kuua wadudu. Ulikufa ndani ya miezi miwili. Ule nilioung'oa pamoja na donge lake la maganda ya nazi, nikauweka katika chungu kingine bila kuugusa, uko hai hadi leo na umetanuka.

Je, hili lina uhusiano na hao kuvu aliowataja Dada?

#7 DadaHadubini

Lina uhusiano mkubwa, Binti, na umelieleza vizuri kuliko vitabu vingi. Shina la chini la *Psilotum* nalo, wala si gametofiti peke yake, limekaliwa na kuvu wanaoingia ndani ya seli zake na kumpatia madini na maji. Ulipoliosha na kulipanda katika mchanga uliochomwa, yumkini uliwaondoa wahudumu wake wote. Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo siri ya kukosa mizizi: mmea uliokuwa na mizizi uliingia ubia na kuvu, kuvu wakafanya kazi ya mizizi vizuri kuliko mizizi yenyewe, na kwa vizazi vingi mizizi ikaachwa.

#8 FundiOkidi

Naomba kupinga. Chungu kimoja kilichokufa hakithibitishi kitu. Kuliosha shina lile ni kukata vile vinyweleo vinavyofyonza maji, na mchanga mtupu hukauka upesi kuliko maganda ya nazi. Mmea ungeweza kufa kwa kiu, kuvu wawepo au wasiwepo. Binti angepaswa kuwa na chungu cha tatu: shina lililooshwa, kisha likapandwa katika maganda ya nazi yaliyochemshwa.

Na kuhusu ubia: *Ophioglossum* naye ana kuvu, katika gametofiti na katika mizizi, lakini mizizi anayo. Ikiwa kuvu ndio waliofuta mizizi, mbona hawakuifuta ya ndugu yake? Mimi naona sababu ni maisha ya juu ya miti. *Psilotum complanatum* huning'inia kwenye magogo ya miti, na *Tmesipteris* nyingi hukaa kwenye mashina ya makangaga-miti. Anayeishi juu ya gome hana udongo wa kuchimba.

#9 MzeeWaMisitu

Wewe mwenye jina la Fundi Okidi ndiye usiyepaswa kusema hivyo! Okidi zako zinakaa juu ya miti, na mizizi yao inaning'inia minene kama kamba za mtumbwi. Kangaga-kiota nalo, *Asplenium nidus*, hukaa juu ya mti na chini yake kuna mizizi iliyofumana kama sifongo. Kuishi juu ya mti hakujawafutia hao mizizi.

#10 FundiOkidi

Mzee, hapo umenibana. Lakini nina mfano wa upande mwingine. Kupoteza mizizi kumetokea zaidi ya mara moja ndani ya makangaga. Baadhi ya makangaga membamba ya familia ya Hymenophyllaceae, yanayotambaa juu ya magome yenye unyevu, hayana mizizi. *Salvinia molesta*, lile gugu lililovamia Ziwa Naivasha, ni kangaga la majini lisilo na mizizi. Zile nyuzi zinazoning'inia majini chini yake ni jani lililogeuzwa. Kwa hiyo njia ya kufikia kutokuwa na mizizi si moja, na hatuwezi kudai kwamba anayekosa mizizi amebaki vile alivyoumbwa mwanzoni. Sababu ya *Psilotum* yaweza kuwa kuvu, yaweza kuwa gome, yaweza kuwa yote mawili kwa zamu.

#11 Kitalu_Morogoro

Ninaongeza jambo linalowahusu wote wawili. Mizizi ya *Ophioglossum* yenyewe si ya kawaida: haina vinyweleo, na aghalabu haigawanyiki au hugawanyika kidogo sana. Ukiweka ndugu hawa wawili pamoja, unaweza kufikiri kwamba babu yao alikwisha kuanza kuipunguza mizizi, mmoja akaishia katikati na mwingine akafika mwisho wa njia. Mengine yanayowaunganisha ni gametofiti za chini ya ardhi zinazolishwa na kuvu, na vifuko vya spora vyenye kuta nene za tabaka nyingi, visivyo na ule ukanda wa seli unaofyatua spora katika makangaga mengi. Tena, makangaga mengi hufunua jani jipya likiwa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Hawa wawili hawajikunji.

#12 MwalimuMkonge

Ahsanteni, sasa nina cha kuwaambia wanafunzi. Ila kuna jambo limenikwaza katika bandiko #11. Kutojikunja, kukosa ukanda wa kufyatua spora, kukosa vinyweleo vya mizizi: hizi zote ni sifa za *kukosa*. Kitabu cha zamani kiliteleza kwa sababu kiliunganisha *Psilotum* na *Rhynia* kwa vitu wanavyokosa wote wawili. Je, hatuurudii mtego uleule tukiiunganisha na *Ophioglossum* kwa hoja za namna hiyo?

#13 DadaHadubini

Hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa humu. Ndiyo, kwa maumbile peke yake tungekuwa katika mtego uleule, na ndiyo maana kabla ya DNA karibu hakuna aliyewafikiria kuwa ndugu wa karibu. Kilichowaunganisha ni jeni, na matokeo yamejirudia katika tafiti nyingi zilizotumia jeni tofauti. Maumbile yamekuja baadaye, watu wakarudi kutazama upya wakiwa tayari wanajua jibu. Nakubali kwamba anayejua jibu huona mfanano kwa wepesi kupita kiasi.

Hata hivyo ile gametofiti ya chini ya ardhi siihesabu kuwa sifa ya kukosa tu. Ni mtindo mzima wa maisha: spora inaota gizani, inamsubiri kuvu, inalishwa naye.

#14 MsomaMajani

Nimechelewa kufika, lakini naona mmemsahau mtu muhimu. David Bierhorst, Mmarekani, alisema kwamba *Psilotum* ni kangaga miaka mingi kabla ya DNA, mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, wakati wengi walikuwa bado wanafundisha habari za Rhynie. Hoja yake ilikuwa kwamba vile vijiti vya kijani si mashina hata kidogo: kila kichaka kinachochomoza ni jani moja lililogawanyika, kama jani la kangaga, na vile vijigamba ni vipande vya jani hilo. Alilinganisha na *Stromatopteris*, kangaga la New Caledonia ambalo lina shina la chini linalofanana na la *Psilotum*.

Alipatia kuhusu kundi kubwa, akakosea kuhusu ndugu, kwa sababu *Stromatopteris* ni wa familia ya Gleicheniaceae, mbali kabisa na *Ophioglossum*. Lakini swali lake kuhusu vijiti halijafa. Hicho alichokiona Mwalimu ukutani ni mashina au ni majani?

#15 MzeeWaMisitu

Ni mashina. Yamezunguka pande zote, yana mbavu, yana nguzo ya mishipa katikati. Jani lina upande wa juu na upande wa chini.

#16 MsomaMajani

Mzee, *Psilotum complanatum* ina matawi bapa. Na *Tmesipteris* ina vijani halisi, kila kimoja na mshipa wake mmoja. Ukiwapanga watatu hawa unapata ngazi: *Tmesipteris* mshipa unaingia ndani ya kijani, *complanatum* mshipa unafika tu kwenye kitako cha kijigamba, *nudum* kijigamba hakina mshipa kabisa. Ngazi hiyo wengine wameisoma kutoka chini kwenda juu, wakasema hivi ndivyo majani yalivyozaliwa duniani. Wengine wanaisoma kutoka juu kwenda chini, wakasema hivi ndivyo majani yanavyokufa. Baada ya habari ya DNA mimi naisoma kutoka juu, kwa kuwa ndugu wote wa nje wana majani makubwa. Lakini hata hivyo haijulikani kama kijigamba cha *nudum* ni jani zima lililosinyaa au ni kipande cha jani kubwa zaidi, kama alivyotaka Bierhorst.

#17 Kitalu_Morogoro

Mimi ningeuliza pia kuhusu ngazi za mfumo wenyewe. Mwaka 2006 Alan Smith na wenzake waliwaweka jamii za *Psilotum* na *Ophioglossum* katika ngeli yao wenyewe, Psilotopsida. Miaka kumi baadaye ngeli ikashushwa kuwa nusungeli, na jina likabadilishwa kuwa Ophioglossidae. Undugu haukubadilika, ila vyeo tu. Kwa wanafunzi hili ndilo linalochanganya zaidi: wanadhani kila jina jipya ni ugunduzi mpya. Na bado wapo wanaoweza kuuliza kwa haki kwa nini kundi la spishi 17 liwe na oda nzima. Ophioglossales ina jenasi kumi na spishi zaidi ya mia moja. Je, Psilotaceae, ile familia moja ya Psilotales, isingetosha kuwa familia ndani yake?

#18 DadaHadubini

Isingetosha, kwa maoni yangu. Wamefanana katika giza la udongo, lakini juu ya ardhi hakuna kinachofanana. *Ophioglossum* ana jani laini pana na mkuki wa spora unaotoka katika jani hilohilo. Oda mbili zinamkumbusha msomaji kwamba wametengana zamani sana.

Na kama mnataka tofauti nyingine, tazameni ndani ya seli. *Ophioglossum reticulatum* ana kromosomu zaidi ya 1,200, idadi isiyofikiwa na mmea mwingine unaojulikana. Upande wa pili, mwaka 2024 ilitangazwa kwamba *Tmesipteris oblanceolata* wa New Caledonia ana jenomu, yaani jumla ya DNA yake, kubwa kuliko kiumbe chochote kilichowahi kupimwa: jozi besi (vipande vidogo vinavyounda DNA) bilioni 160, zaidi ya mara hamsini ya jenomu ya binadamu.

#19 BintiShamba_Pemba

Kimea kisicho na mizizi, na jamaa yake ana jenomu kumzidi mtu mara hamsini! Nimewasomea watoto wangu, hawakuamini.

Fundi Okidi, nimekubali hoja yako. Nimechemsha maganda ya nazi leo asubuhi. Nitapanda vyungu sita: viwili vyenye donge lake, viwili vilivyooshwa katika maganda yaliyochemshwa, viwili vilivyooshwa katika maganda ya kawaida. Nitamwagilia vyote sawasawa na kuleta picha hapa.

#20 FundiOkidi

Umefanya vyema, Binti. Ila funika vile vilivyochemshwa, la sivyo upepo utavirudishia kuvu kabla mwezi haujaisha.

#21 MwalimuMkonge

Jana tulirudi ukutani na lenzi ya mkono. Wanafunzi walihesabu vitufe 40, vyote vina sehemu tatu isipokuwa kimoja chenye nne. Chini ya kila kitufe kulikuwa na kijigamba chenye ncha mbili, kama Dada alivyosema katika bandiko #4. Tulikata tawi moja kwa wembe tukaona ile nguzo ya katikati ikiwa na ncha ncha kama nyota. Darasa limegawanyika kuhusu swali la Msoma Majani: kumi na wawili wanasema ni shina, wanane wanasema ni jani, na mmoja, yuleyule aliyeanzisha haya yote, ameuliza kwa nini lazima kiwe kimojawapo, kama babu wa mmea huu aliishi kabla shina na jani havijaachana. Sikuwa na jibu. Msoma Majani, unamjibuje?